Picha Safi, Namba Inapanda

Doa lilikuwa upande wa kulia, chini kidogo ya kiuno, jeusi tititi kama tone la wino. Nililiona kwenye kioo cha kompyuta nikiwa bado nimelala kwenye kile kitanda chembamba, shingo nimeikaza nisitikisike. Daktari alikuwa ameshanieleza kwamba saratani ya tezi ya shingo ikitoroka hupenda kukimbilia mitoki ya shingoni, mapafu na mifupa. Mifupa. Nikaanza kumsoma kijana wa mashine usoni.

"Mama, samahani," akasema. "Kuna kitu chochote hapo kiunoni?"

"Hakuna mwanangu. Pesa na simu nimemwachia dada yangu nje."

"Kwenye kanga je?"

Nikapapasa pindo. Kitambaa cha mkono. Tangu alfajiri nilikuwa nanyonya ndimu kama nilivyoelekezwa, ili tezi za mate zisiishikilie ile dawa yenye mionzi niliyokunywa kwa ajili ya picha, na kila mate yalipojaa nilifuta mdomo kwa kitambaa kilekile, kisha nikakifunga tena pindoni. Kijana alikipokea kwa glavu, akakisogeza kwenye kidude cha kupimia mionzi, kidude kikaanza kulia tik-tik-tik mfululizo. Akakitia kwenye mfuko, akakipeleka mbali, akarudia kupiga sehemu ile peke yake. Doa halikuwepo.

Kati ya picha ya kwanza na ya pili zilipita dakika kama kumi na tano. Ndani ya dakika hizo nilikuwa nimeshaamua mwanangu wa mwisho atalelewa na nani.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Tanga. Mwaka 2019 niliondolewa tezi nzima ya shingo. Ilikuwa saratani aina ya papilari, ambayo ndiyo inayowapata wengi kuliko aina nyingine za tezi hiyo, na ambayo wengi wao hupona. Mwanzoni mwa 2020 nikaenda Dar es Salaam, hospitali ya saratani ya Ocean Road, lile jengo la zamani la Wajerumani linalotazama bahari, nikameza kapsuli ya madini joto (ayodini) yenye mionzi, nguvu yake milikyuri 100, kumalizia mabaki. Nilikaa chumba cha peke yangu siku kadhaa, chakula kinaachwa mlangoni, choo navuta maji mara mbili, wanangu nawaona kwenye simu. Baada ya hapo nikarudi darasani, nikawa nameza kidonge changu cha thairoksini, homoni ya kuziba pengo la tezi, kila asubuhi na kupima damu kila miezi sita.

Kipimo cha damu kinachonihusu mimi kinaitwa thairoglobulini. Ni protini inayotengenezwa na seli za tezi ya shingo tu, ziwe nzima ziwe za saratani. Mtu aliyeondolewa tezi yote na akatibiwa mabaki, namba yake inatakiwa ikaribie sifuri. Yangu ilianza 0.3. Ikaja 1.8. Ikaja 4. Miye shingo naishika, sioni uvimbe, sina maumivu, ila namba inapanda kama maji ya bamvua, polepole, huoni yanavyokuja mpaka yamefika kwenye kizingiti.

Mahali fulani zipo seli zinaitengeneza ile protini. Ni wapi? Hapo ndipo tiba ya nyuklia inapoingia, na hapo ndipo nilipojifunza mambo ambayo ningependa mtu angenikalisha kitako akanieleza tangu mwanzo.

Tezi ya shingo hutengeneza homoni zake kwa kutumia madini joto, yale tunayowekewa kwenye chumvi ili watoto wasipate rovu. Seli zake zina kama mlango maalumu wa kuyavuta madini hayo kutoka kwenye damu, na seli nyingi za saratani ya papilari, hata zikihamia kwenye mapafu, huwa bado zinao mlango huo. Kwa hiyo mgonjwa anapewa madini joto yenye mionzi, kidogo tu, sio kiasi kile cha matibabu. Seli zinayavuta zikidhani ni chakula cha kila siku. Baada ya siku mbili tatu unalazwa chini ya kamera.

Wengi hudhani kamera ile inampiga mtu mionzi. Siyo. Mionzi inatoka kwako. Kamera ina vichwa viwili vyenye sahani nene za risasi zilizotobolewa matundu mengi, na inachofanya ni kupokea tu, kama mtu aliyetega sikio ukutani. Ndiyo maana kitambaa cha mate kiliweza kujifanya saratani ya mfupa. Kamera haijui kitambaa wala haijui mfupa, inajua tu mionzi inatokea upande gani. Siku hizi kuna mashine zinazounganisha kamera hiyo na CT, ile inayopiga eksirei mwili vipande vipande, unapata na ramani ya mwili humohumo, na mkanganyiko wa aina hii unapungua sana.

Mama yangu ni mkulima wa mwani, upande wa kaskazini mwa Tanga. Nilipomwambia nimekunywa madini joto aliniuliza yanatoka wapi. Sikuwa najua. Nikatafuta, nikakuta kwamba yaligunduliwa Ufaransa mwaka 1811 na Bernard Courtois, kwenye majivu ya mwani. Mama alikaa kimya muda mrefu, mikono yake imepasuka kwa chumvi ya miaka ishirini, kisha akasema, "Kumbe tunakutafutia dawa miaka yote hii." Sikumrekebisha, ingawa ile yenye mionzi hutengenezwa kwa mitambo ya nyuklia.

Kuna mgonjwa mmoja namfikiria mara kwa mara. Alikuwa New York, hospitali ya Montefiore, miaka ya 1940. Tezi yake ilikuwa imeshaondolewa miaka mingi nyuma, lakini mwili ukawa na dalili za mtu mwenye homoni za tezi kupita kiasi: kukonda, moyo kwenda mbio. Zinatoka wapi homoni, na tezi hana? Daktari Samuel Seidlin akampa madini joto yenye mionzi, na vipimo vikaonyesha yanakusanyika kwenye saratani iliyosambaa mwilini. Seli zilikuwa zimehama na bado zinafanya kazi ya nyumbani kwao. Seidlin na wenzake walichapisha habari hiyo mwaka 1946. Sisi wote tunaolala chini ya kamera ile leo tumepitia mlango aliotufungulia mgonjwa yule.

Sasa nije kwenye maandalizi, maana hapa ndipo ninapoona wagonjwa wenzangu wanaharibikiwa, na mimi niliharibikiwa.

Ili seli zivute madini joto kwa nguvu, mwili lazima uwe na njaa nayo. Mwezi mmoja kabla ya kipimo nilichopangiwa, nilikuwa na kikohozi kisichoisha. Nikaenda hospitali moja, wakanipiga CT ya kifua na shingo. Wakanichoma sindano ya mshipani, ile dawa ya kung'arisha picha, nikasikia joto linashuka mwili mzima. Hakuna aliyeniuliza kama nina kipimo cha nyuklia kinachokuja, na mimi sikujua kama ilipasa niseme. Dawa ile imejaa madini joto. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku. Sindano moja ya kawaida ya CT inaweza kuwa na gramu 30. Nilikaa na karatasi nikapiga hesabu kama ninavyowafundisha darasa la sita: ni mahitaji ya siku 200,000, zaidi ya miaka 500. Mwili wangu ulikuwa umelishwa karne tano kwa dakika moja, njaa itatoka wapi? Kipimo kikasogezwa mbele miezi miwili. Miezi miwili ile namba ilitoka 4 ikafika 6.4.

Kwa hiyo nakuomba, kama umetibiwa saratani hii na umepangiwa kipimo cha madini joto, mwambie kila anayekushika. Mwambie wa CT, mwambie anayetaka kukusafisha kidonda kwa ile dawa ya kahawia ya ayodini, mwambie na daktari wa moyo, maana ipo dawa ya mapigo ya moyo inayoitwa amiodaroni ambayo nayo imebeba madini joto mengi. Usisubiri kuulizwa.

Muda ulipofika nikaacha thairoksini wiki nne. Lengo ni kuipandisha TSH, homoni inayotoka kwenye ubongo kuisukuma tezi ifanye kazi. Tezi huna, homoni huna, basi ubongo unapiga kelele, na kelele hizo ndizo zinazoziamsha seli zilizojificha. Wanataka ifike angalau 30; yangu ilifika 62. Zipo sindano mbili zinazofanya kazi hiyo bila kuacha dawa, unachomwa leo na kesho, lakini bei yake ni nje ya uwezo wa mshahara wangu.

Wiki ya tatu nilikuwa navaa sweta. Tanga, mwezi wa pili, watu wanalala nje kwa joto, na mimi nina sweta na soksi. Sauti ilikuwa nzito kama ya mwanamume. Macho yalivimba, choo kikawa kigumu. Siku moja nimesimama mbele ya darasa, mtoto amenyoosha mkono, na jina lake halinijii. Mtoto niliyemfundisha kusoma. Nikamwelekeza tu kwa chaki. Mwalimu mkuu alinipa ruhusa siku ileile bila hata kuniuliza barua, namshukuru mpaka leo.

Chakula ndicho kilikuwa mtihani wa nyumba nzima. Wiki mbili bila chumvi ya dukani, bila samaki wa baharini, bila dagaa wa chumvi, bila maziwa, bila mayai, bila mkate wa kununua kwa sababu hujui umetiwa chumvi gani. Mtu wa pwani umwondolee samaki na chumvi, amebaki na nini? Nilibaki na wali wa nazi, mihogo ya kuchemsha, viazi, ndizi, mchicha, matunda, na kuku kidogo. Nilijifunza kupika kwa ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili nyingi mpaka ulimi ukasahau kwamba kuna kitu kimepungua. Siku ya tisa jirani alileta changu wa kupaka, amefunikwa jani la mgomba, kwa upendo kabisa, alikuwa amesikia naumwa. Nilimpokea kwa mikono miwili. Nikawapa watoto, nikatoka nje kukaa upande ambao upepo haukuleta harufu.

Wapo wanaoibia. Kipande kidogo tu, wanasema, nani atajua. Hakuna atakayekukamata, ni kweli. Lakini picha itakuja safi na hutajua kama ni safi kwa sababu hakuna ugonjwa au kwa sababu seli zilikuwa zimeshiba. Utakuwa umeacha dawa mwezi mzima, umevimba, umekosa kazi, kwa picha isiyokuambia kitu. Mimi siioni tena ile wiki mbili kama masharti ya hospitali. Ile ndiyo sehemu ya picha anayoipiga mgonjwa mwenyewe, jikoni kwake.

Basi. Picha yangu, baada ya kuondoa kitambaa, ilikuwa safi. Tezi za mate zilionekana, tumbo likaonekana, kibofu kikaonekana, na hayo yote ni ya kawaida kwa sababu madini joto hupitia huko. Shingo tupu. Mapafu matupu. Dada yangu alipiga vigelegele kwenye korido mpaka muuguzi akatoka. Jioni ile tulikula pweza.

Wiki moja baadaye majibu ya damu iliyochukuliwa siku zilezile za kipimo yakatoka. Thairoglobulini 38.

Daktari hakuzunguka. "Mwalimu, picha ni safi, damu siyo safi. Tuiamini damu."

Alinichorea kwenye kipande cha karatasi. Seli ya saratani, akasema, inavyozidi kuharibika inasahau kazi ya tezi. Ule mlango wa madini joto unaweza kufungwa kabisa. Bado inatoa thairoglobulini, kwa hiyo damu inaiona, lakini haivuti tena madini joto, kwa hiyo kamera haiioni. Na mara nyingi seli ya namna hiyo huanza kula sukari kwa wingi kuliko majirani zake. Ultrasaundi ya shingo ilikuwa haijaonyesha kitu. CT ile ya kikohozi ilikuwa imeandika "tezi ndogo za limfu, ukubwa wa kawaida", yaani mitoki. CT inaona umbo. Kama umbo halijaharibika, inapita.

Kilichohitajika ni PET, akasema, ile inayofuata sukari. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye kipimo kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kufanya, nikiamini kwamba kikisema hakuna basi hakuna. Kumbe kile kilikuwa kinajibu swali moja tu: je, zipo seli bado zinavuta madini joto? Swali la kama saratani ipo lilikuwa jingine. Nilikasirika sana siku ile, na sikumkasirikia mtu. Nilikumbuka vile vigelegele.

Kaka aliyeko Nairobi akasema njoo huku. Bima yangu haikugharamia vipimo vya nje ya nchi, tukachangishana: ukoo, walimu wenzangu, na mama aliyeuza mwani wa msimu mzima. Basi mpaka Horohoro, tukavuka, Mombasa, treni usiku.

Dawa ya PET ni sukari iliyofungwa chembe ya florini yenye mionzi, na chembe hiyo nguvu yake hupungua nusu kila dakika 110. Linganisha na madini joto niliyokunywa, ambayo huchukua siku 8 kufika nusu. Dawa inayoisha haraka hivyo huwezi kuiagiza kwa meli. Lazima itengenezwe palepale au karibu, kwenye mtambo unaoitwa saiklotroni. Ndiyo sababu ya safari yangu ndefu wakati ule.

Nilikaa bila kula kwa muda wa saa sita, wakanipima sukari ya damu, wakanichoma dawa, kisha wakaniweka kwenye chumba chenye mwanga hafifu na blanketi zito. Muuguzi akaniambia jambo lililonishangaza: nisizungumze. Nisitafune, nisitume ujumbe kwenye simu, nisizungumze hata na nafsi yangu kwa midomo. Msuli unaofanya kazi unakula sukari, na mtu akizungumza saa nzima koo lake linaweza kuwaka kwenye picha kama taa. Blanketi nalo lina sababu, mtu akihisi baridi kuna mafuta fulani ya shingoni na mabegani yanayochoma sukari kutafuta joto. Nikalala, nikatulia, nikasoma Yasini moyoni, ulimi haugusi meno.

Picha ilionyesha nukta mbili, mitoki miwili, nyuma ya sehemu ya juu ya mfupa wa kidari. Moja milimita 9, nyingine 8. Ultrasaundi isingeweza kufika pale, kwa sababu mfupa na hewa vinaizuia. CT iliziona ikaziita za kawaida. Madini joto yalizipita. Sukari ilizishika.

Kwa sababu zilikuwa mbili tu na zipo sehemu moja, daktari wa upasuaji aliweza kuzifikia kwa kupitia kovu langu la zamani. Hilo ndilo lililonilipa safari yote. Kama ningepewa tu kapsuli nyingine kubwa ya madini joto kwa kubahatisha, ingezipita vilevile. Baada ya upasuaji namba ilishuka hadi 0.4.

Tangu hapo watu wananiandikia kwamba wameacha sukari kwenye chai "ili kuinyima saratani chakula". Jamani, PET haisemi hivyo. Kila seli ya mwili inakula sukari. Ubongo kwenye picha ile ulikuwa umewaka kuliko kitu kingine chochote. Sukari pale ni alama ya kumtafuta mwizi, kunyima nyumba nzima chakula hakumtoi. Na wenye saratani ya tezi aina ya medula, ninyi habari ya madini joto haiwahusu kabisa, seli zenu hazikuwahi kuwa na mlango ule. Kipimo chenu cha damu ni kalsitonini na picha zenu hutumia dawa nyingine. Msikubali kuandaliwa kwa kipimo cha mwenzenu.

Kipimo changu kinachofuata ni mwezi wa tatu. Nimekiandika kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu, na chini yake nimeandika swali moja. Kuna watu wenye kingamwili zinazoifunika thairoglobulini, namba ikasomeka ndogo kuliko ilivyo, kwa hiyo vitu hivyo viwili hupimwa pamoja kila mara. Kwenye majibu yangu ya mwisho, kutoka maabara moja niliyoelekezwa, mstari wa kingamwili uliachwa wazi. Safari hii siondoki dirishani mpaka ujazwe.